Vidole saba na bado hukushtuka: mazoezi ya mchana kwa anayetaka kuota huku akijua anaota

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wa Tanga. Anaandika: "Tangu Ramadhani iliyopita najaribu kuota huku nikijua kuwa naota. Nimeweka alamu ya simu, inalia kila saa. Ikilia nahesabu vidole na kubana pua, kupima kama naota. Juzi niliota nasimamia mtihani. Nikahesabu vidole vya mkono wa kushoto, vikawa saba. Nikasema moyoni 'sawa', nikaendelea kugawa karatasi. Nilipoamka nilitaka kulia. Nakosea wapi? Na mama anasema nitajiletea majini. Nimwambie nini?"

Mwalimu, salaam nyingi.

Usilie. Kipimo chako kimeingia ndotoni, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mkono ulihesabu, vidole vikawa saba, jibu likawa mbele ya macho yako. Hakuwepo tu wa kulisoma. Sababu naiona katika barua yako mwenyewe. Mchana kutwa simu inalia, unahesabu, unapata vitano, unaendelea na kipindi. Jibu ulikuwa nalo kabla hujaanza kuhesabu. Umerudia mara nyingi kiasi kwamba akili imelishika zoezi zima kama lilivyo, pamoja na ile "sawa" ya mwisho, na usiku ikakurudishia kile kile ulichoifundisha.

Vidole na pua ni vyombo. Zoezi lenyewe ni shaka: kujiuliza kwa dhati kama hapa ulipo sasa hivi ni ndotoni, na kuwa tayari kulipokea jibu lolote litakalokuja. Mengine yote nitakayokueleza yanarudi hapo.

Kwanza uelewe kwa nini akili ilikubali vidole saba. Ndoto kali na ndefu hutokea zaidi katika usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope; Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliueleza mwaka 1953 wakiwa Chuo Kikuu cha Chicago. Picha za ubongo zilizopigwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba katika usingizi huo sehemu za ubongo za hisia na za kuona huchangamka sana, lakini baadhi ya sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, hupunguza kazi. Sehemu hizo ndizo tunazozitumia kupima hoja, kushika nia na kulinganisha hili na lile. Ndiyo maana ndotoni mtu hukaa na babu aliyefariki wakanywa chai na asishangae, au akafungua mlango wa chumba chake Tanga akatokea Mwanza na asiulize nauli alilipa nani. Macho yanaona kila kitu, ila mwenye kushangaa amesinzia.

Basi unachokifanya mchana ni kumzoesha huyo wa kushangaa awe mwepesi kiasi kwamba hata akiwa nusu amelala, jambo la ajabu likipita atikisike. Kwa hiyo zoezi likifanywa bila mshangao halimzoeshi chochote.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina mapema ni mwanasaikolojia wa Kijerumani, Paul Tholey. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akijijengea tabia ya kuihoji hali yake akiwa macho, tabia hiyo itamfuata usingizini. Alisisitiza mambo matatu: ujiulize mara kwa mara, ujiulize hasa katika hali zinazofanana na ndoto, na ujiulize karibu na muda wa kulala. Ukiitazama alamu yako utaona imeshika hilo la kwanza tu na kuyaacha mawili.

Tena alamu ina kasoro nyingine kubwa zaidi. Inakuzoesha kuitii yenyewe. Ikilia unakumbuka, isipolia umesahau, na ndotoni hakuna wa kukulilia. Unachokitaka ni akili ikumbuke yenyewe pindi inapokutana na jambo fulani, kama unavyopita dukani jioni ukakumbuka kwamba nyumbani chumvi imekwisha. Hiyo ni aina ya kumbukumbu inayojitegemea, kumbukumbu ya nia, na inafundishika. Stephen LaBerge, aliyefanya utafiti wake wa udaktari wa ndoto hizi katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuumaliza mwaka 1980, aliijengea njia yake yote juu ya kumbukumbu hii.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima alamu. Kila asubuhi kabla ya kutoka chagua matukio manne ya siku hiyo, yale ambayo yatatokea tu ila hujui saa ngapi. Kwa mfano, Jumatatu: shikamoo ya kwanza utakayopewa, mara ya kwanza kushika chaki, adhana ya Adhuhuri, na mara ya kwanza kubonyeza swichi ya taa. Jumanne badilisha: mtu kupiga hodi ofisini, kujiona kwenye kioo, kuona paka, kusikia jina lako likiitwa na mtu aliye nyuma yako. Kazi yako ni kulikamata kila tukio papo hapo linapotokea. Usiku kabla ya kulala, jikumbushe umekamata mangapi. Siku za mwanzo huenda ukakamata moja, au ukakumbuka shikamoo saa mbili baada ya kuitikia. Usijilaumu kwa hilo, maana lina faida yake: linakuonyesha ni sehemu ipi ya siku unayoipita kwa mazoea, mwili unatembea na wewe haupo. Kwa walimu, kwa kadiri ninavyosikia, mara nyingi ni ile safari ya kutoka ofisini hadi darasani.

Ukishalikamata tukio, ndipo swali linaanza. Hapa nataka twende polepole.

Tuseme uko kidato cha pili, umegeukia ubao kuandika tarehe, na chaki ndiyo ilikuwa moja ya matukio yako. Mkono usimame. Jiulize: nimefikaje hapa? Urudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya darasa nilikuwa ofisi ya walimu, nilikunywa chai, daftari za kidato cha nne zilikuwa juu ya meza. Kabla ya hapo nilishuka kwenye daladala, konda alikuwa na chenji pungufu. Kabla ya hapo nilifunga mlango wa nyumbani. Ukiwa macho uzi huu hauna mwisho, unaweza kuurudisha hadi jana. Ndotoni hukatika mara moja: upo tu ukumbini unasimamia mtihani, na ukiutafuta mlango ulioingilia, haupo. Kwa maoni yangu swali hili moja lina nguvu kuliko kuhesabu vidole, kwa sababu halina jibu la mazoea. Kila mara lazima ulitafute.

Halafu soma tarehe uliyoiandika, geukia wanafunzi, kisha geuka uisome tena. Ndotoni maandishi hayatulii: herufi zinabadilika, tarehe inakuwa nyingine, au mstari mzima unageuka michoro. Wewe una ubao, madaftari na karatasi za mtihani mbele yako kutwa nzima. Wachache wana kipimo kizuri namna hiyo mkononi.

Mwisho funga mdomo, bana pua, uvute pumzi kweli kweli. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na kina sababu ya kimwili. Katika usingizi wa REM misuli ya mikono na miguu inalegezwa isifuate ndoto, lakini msuli wa kupumulia unaendelea na kazi. Mkono unaobana pua ni wa ndotoni, pua iliyo kitandani iko wazi. Hivyo pumzi inapita, na mtu anahisi hewa ikiingia kupitia pua aliyoiziba. Ni hisia ngeni sana. Lakini mchana ukibana pua huku moyoni unajua fika kwamba pumzi haitapita, umefanya mazoezi ya pua tu. Kwa zile sekunde mbili tatu, ipe nafasi. Kubali kwamba huenda hewa ikapita, na kwamba darasa hili lote, pamoja na mtoto anayesinzia dirishani, lingekuwa limetengenezwa na akili yako. Ukiona kijiubaridi cha mshangao kinakupanda, ujue umelifanya sawasawa.

Hayo yote yanachukua nusu dakika. Mara chache kwa siku kwa dhati zinakutosha; mara thelathini za kukimbizana na alamu zinakuchosha bure.

Sasa kuhusu vidole. Usiviache, lakini viwekee sheria, na uitamke mchana kwa sauti ili iingie: kipimo kikienda kombo kwa namna yoyote, jibu ni kwamba naota. Hakuna "labda nimehesabu vibaya", hakuna "leo macho yamechoka". Akili ya ndotoni ni fundi wa visingizio, na visingizio vyake huvichukua kutoka maisha yetu ya kila siku. Mfano mzuri ni taa. Keith Hearne, mtafiti wa Kiingereza, aliandika kwamba waotaji wengi wakijaribu kuwasha taa ndotoni, taa haiwaki inavyotakiwa. Tangu hapo wengi hushauriwa kutumia swichi kama kipimo. Kwa msomaji wa Ulaya sawa. Kwetu mtu akibonyeza swichi na giza likabaki, atasema umeme umekatika na kwenda kutafuta mshumaa, awe macho au awe anaota. Kwa hiyo swichi usiifanye kipimo, ifanye tukio: kila mara taa isipowaka, kabla hujalaumu yeyote, jiulize lile swali. Kipimo kimoja kikikupa jibu la wasiwasi, ongeza cha pili.

Na hili nalisema kwa uzito wote: kipimo kisiwe kamwe kitu kinachoweza kukuumiza. Usijaribu kuruka kutoka mahali pa juu, usiguse moto, usisimame barabarani, wala usifanye zoezi hili ukiwa unaendesha chombo chochote. Kama una shaka, chukulia kwamba uko macho hadi pumzi ikuthibitishie vinginevyo.

Jambo la pili la Tholey, kujiuliza katika hali zinazofanana na ndoto, linahitaji daftari. Weka daftari na kalamu karibu na mto. Ukiamka usijigeuze wala usiguse simu. Baki na macho yamefumba, shika tukio la mwisho la ndoto, kisha uliulize lilitanguliwa na nini. Ndoto hurudi kwa kuvutwa mkia. Andika hata kama ni maneno matatu. Baada ya wiki mbili tatu, chukua kalamu ya rangi nyingine upigie mstari vinavyojirudia: watu, mahali, vitu, na hisia. Kila mtu ana vyake. Mmoja kila mara yuko nyumba ya utotoni, mwingine anakosa basi, mwingine hukutana na marehemu. Wewe cha kwanza umekwisha kukitaja: kusimamia mtihani. Basi kuanzia sasa kila ukishika karatasi za mtihani, ziwe za majaribio ya wiki au za Necta, hapo pana swali. Alama ya ndoto yako ikiwa pia ni kazi yako ya mchana, umepata bahati. Mwenye kuota anaruka hewani hana pa kufanyia mazoezi.

Katika hisia nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wakipuuza. Ndoto nyingi zinazokumbukwa zimejaa hofu, haraka, aibu au hasira. Ukimchunguza mtu aliyefaulu kujitambua ndotoni mara ya kwanza, mara nyingi utakuta alikuwa anakimbizwa au amekwama mahali pabaya, na moyo ukamwenda mbio hadi akasema: hapana, hili haliwezekani. Kwa hiyo mchana, moyo ukishtuka, uliza. Mkuu wa shule amekuita ghafla ofisini. Mwanafunzi amekujibu vibaya mbele ya wenzake. Umepapasa mkoba na pochi huioni. Ni wakati mgumu kuliko yote wa kukumbuka chochote, maana hisia imekushika shati, na kwa sababu hiyo hiyo ukikumbuka mara moja tu imekufaa kuliko kukumbuka mara tano ukiwa umetulia barazani. Wengi huniambia kwamba hata kama ndoto haikuja, ile nusu dakika iliwazuia kujibu kwa hasira. Hilo peke yake mimi naliona zuri.

Huenda umesikia pia kuhusu mafunzo ya utulivu wa akili, kukaa kimya na kufuatilia pumzi. Watawa wa Tibet wana mapokeo ya karne nyingi ya kuzoeza ndoto, na wanaanza mchana kweupe kwa kuyatazama yote yanayotokea kana kwamba ni ndoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ulioongozwa na Benjamin Baird, uligundua kwamba watu waliozoea kutafakari kwa miaka mingi huota ndoto za kujitambua mara nyingi zaidi, lakini wageni waliopewa mafunzo ya wiki nane hawakuongezeka. Usiingie kwenye kutafakari ukitarajia ndoto mwezi ujao. Kinachofaa bila gharama ni dakika kumi za kutembea kwenda nyumbani bila simu, ukisikia miguu inavyokanyaga, harufu ya mihogo inayokaangwa, sauti ya muuza samaki, na kila baada ya muda ujishike ukijiambia: sasa hivi mimi ndiye ninayesikia haya. Kama wewe ni mtu wa sala, utulivu wa moyo katika sala ni ndugu wa jambo hili, lakini sala iache iwe sala. Usibane pua kwenye mswala.

Sasa nikuambie bila kuficha: mazoezi ya mchana peke yake yana matokeo hafifu. Mwaka 2017 Denholm Aspy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walichapisha utafiti wa watu 169. Waliofanya vipimo vya mchana tu hawakupata ongezeko la maana kwa ile wiki ya majaribio. Waliounganisha vipimo hivyo na kuamka alfajiri na kuweka nia kabla ya kulala tena, walijitambua ndotoni katika asilimia 17 ya usiku zao. Na wale waliolala ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifika karibu asilimia 46. Wiki moja ni muda mfupi kwa kujenga tabia, kwa hiyo mimi sisemi mchana hauna kazi. Nasema mchana unaandaa shamba na alfajiri ndiyo inayopanda.

Na hapa unarudi mwezi wenyewe uliokuanzishia safari hii. Usingizi wa REM hurefuka kadiri usiku unavyokwenda. Vipindi vyake virefu ni vya saa za mwisho kabla ya kuamka. Anayeamka kula daku, akaswali Alfajiri, kisha akarudi kulala, anaingia moja kwa moja kwenye sehemu ya usiku iliyosheheni ndoto, na akili yake imetoka kuwa macho. Ndiyo hali ambayo watafiti wa Adelaide waliitengeneza kwa kuwaamsha watu baada ya saa tano za kulala. Kama ndoto zako za Ramadhani zilikuwa wazi kuliko kawaida, huenda sababu ni hiyo.

Basi chagua Jumamosi au Jumapili, siku usiyo na kipindi. Lala mapema, amka baada ya kama saa tano, kaa macho dakika chache, andika ndoto iliyotoka kukupita. Ukirudi kulala, jiambie kwa maneno yako: safari ijayo nikiota, nitakumbuka kwamba naota. Usiyasome kama tasbihi ya kuhesabu. Rudi ndani ya ndoto uliyoiandika, uione ile karatasi ya mtihani, na sasa jione ukisimama na kugundua. Ukumbi ule ule, wanafunzi wale wale, ila safari hii unaziweka karatasi mezani na kubana pua. Endelea hivyo mpaka usingizi ukuchukue. Mbinu hii ndiyo ya LaBerge, inayojulikana kwa kifupi kama MILD, na utaona kwamba kila kipande chake kimetoka katika mazoezi ya mchana: tukio, kukumbuka, swali.

Ukifaulu, furaha itataka kukuamsha papo hapo. Karibu kila mtu hupoteza ndoto zake za kwanza hivyo. Sugua viganja, angalia kitu kilicho karibu, ukiguse, na uwe na jambo moja dogo ulilopanga mapema.

Nije kwa mama. Usimbishie, na usimwambie hajui. Wanazuoni wa Kiislamu, kwa kufuata hadithi ya Mtume, wamezigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo mtu anazungumza na nafsi yake. Mazoezi ninayokueleza yako katika fungu hili la tatu. Hakuna kuita chochote, hakuna ubani wala kombe, wala hakuna kudai kujua ya kesho. Dua zako za kulala zisome kama kawaida. Unaweza pia kumweleza mama kwamba jambo hili limepimwa kwa vyombo: mwaka 1975 Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, alirekodi ishara za macho ambazo Alan Worsley alizituma akiwa amelala, kulia na kushoto kama walivyokubaliana, LaBerge akafanya hivyo pia Stanford bila kutegemea kazi ya mwenzake. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walichapisha kwamba waliwauliza walioko ndotoni hesabu ndogo, mathalani nane kutoa sita, na wengine wakajibu sawasawa kwa macho.

Kuna jambo moja ambalo mama ana haki ya kukuonya. Kuamka na kulala tena alfajiri kunaweza kukuletea jinamizi: unafumbua macho, mwili hausogei, kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Ni ule ule ulegevu wa misuli wa usingizi wa REM uliochelewa kuachia wakati akili imeshaamka. Unapita wenyewe, kwa kawaida ndani ya sekunde kadhaa hadi dakika chache. Usipambane nao, tulia, pumua taratibu, jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu au ulimi. Kulala ubavu badala ya chali huwasaidia wengi. Likija mara kwa mara, acha kuamka alfajiri.

Wako watu ambao nisingewapa mazoezi haya kabisa: waliowahi kuugua maradhi ya akili ya kuona au kusikia visivyokuwepo, wenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na wenye kifafa, ambao kukatika kwa usingizi kunaweza kuwaletea degedege. Walio na ndoto mbaya kila siku baada ya tukio la kutisha waende kwanza kwa daktari au mshauri, maana yapo matibabu yanayofaa. Na yupo ambaye ndoto zake zimekuwa kali ghafla tangu aanze dawa, kwa mfano efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilitumika sana kwetu katika matibabu ya virusi vya UKIMWI, au mefloquine ya malaria. Huyo asiache dawa kwa uamuzi wake. Arudi kituoni aeleze.

Kwako wewe, angalia dalili mbili. Ukianza kuhisi mchana kwamba dunia iko mbali, kama unaitazama kupitia kioo, na hisia hiyo haiondoki ukimaliza zoezi, acha maswali yote, na isipokwisha ukamwone daktari. Na ukijikuta unasinzia kipindi cha mchana, alfajiri zako zimekuwa nyingi: lala usiku mzima kwa wiki mbili, ubaki na daftari peke yake, halafu anza tena na matukio manne.